Mama anapokwenda kazini, mtoto anabaki na nani?

Katika kila darsa ya akina mama, na hasa darsa za mwezi wa Ramadhani, hapakosekani karatasi yenye swali hili: je, inafaa kwa mwanamke wa Kiislamu aliyeolewa kufanya kazi nje ya nyumba yake? Na jawabu lake limeshazoeleka. Masheikh husema inafaa kwa masharti: kazi yenyewe iwe ya halali, avae vazi la kisharia, ajiepushe na faragha na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, mume wake awe ameridhia, na haki za nyumba yake zisipotee. Masharti haya ni sahihi na dalili zake zinajulikana, wala hatukushika kalamu ili kuyapinga. Ila sharti la mwisho, lile la haki za nyumba kutopotea, hutajwa kwa sentensi moja tu, kisha husomwa karatasi inayofuata. Mama aliyeuliza hurudi kwake akiwa na ruhusa yake, na saa kumi na moja alfajiri ya siku ya pili yupo kituoni anasubiri daladala, amemwacha mtoto wa miezi minne amelala, na hakuna aliyemwambia sharti lile litatekelezwa na nani, wakati gani, na kwa msaada wa nani.

Tunaandika makala haya kwa ajili ya sharti hilo moja. Na tunawaandikia zaidi wanaume, kwa kuwa akina mama wanaolea huku wakifanya kazi hawahitaji kuelezwa na mtu kuwa siku ni fupi.

Kwanza liondolewe wazo moja lililoenea katika mabaraza yetu. Wapo wanaodhani kuwa mama mfanyakazi ni mzigo tulioshushiwa na mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ule ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Bi Gertrude Mongella, na ambao jina lake bado hutajwa kwenye vijiwe vya kahawa kila mke anapomjibu mumewe. Mkutano ule una mambo yake, na yamo ndani yake ambayo Mwislamu hawezi kuyakubali. Lakini si Beijing iliyomfundisha bibi yetu kufanya kazi. Bibi yetu alikuwa akishona kofia za viua na kuziuza, akisuka ukili, akipika vitumbua usiku wa manane ili viuzwe kabla ya jua kupanda, akilima mpunga bondeni na kuupeta mwenyewe. Kule Unguja, tangu kilimo cha mwani wa biashara kilipoanza mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, walioingia majini kwa wingi kufunga mbegu kwenye kamba ni wanawake, wengi wao wakiwa mama wa watoto, waswalihina wenye kujisitiri. Kazi yao inafuata bamvua: maji yakitoka wanashuka, maji yakijaa wanapanda.

Basi kama mama amefanya kazi siku zote, ni kipi kilichobadilika?

Kilichobadilika ni mahali pa kazi. Bibi aliyeshona kofia alikuwa na mtoto pembeni yake, juu ya mkeka ule ule. Aliyeanika mwani uani hakuwa mbali na mtoto zaidi ya sauti ya kumwita. Na pale mama aliposhuka pwani au kondeni, walikuwapo bibi, mama mkubwa, shangazi na jirani katika ua huo huo, na mtoto alipita mikononi mwa watu wanne kabla ya adhuhuri bila ya yeyote kuhesabu kuwa amesaidia. Kazi ya mshahara imeondoka katika ua huo. Ipo ofisini, wodini, darasani, kiwandani na sokoni Kariakoo. Ina saa yake ya kuingia na daftari la mahudhurio, na mtoto haruhusiwi kupita getini. Tena nyumba za kupanga ambamo wanandoa wetu vijana wanaishi Mbagala, Chanika au Tegeta, chumba na sebule, hazina bibi ndani yake. Bibi yuko Kilwa au Pangani. Kwa hiyo mama wa leo si kwamba anafanya kazi kuliko bibi yake. Anaifanya akiwa mbali na mtoto, na ile mikono ya watu wanne haipo tena.

Ukilielewa hili, ndugu msomaji, utaona kwa nini nasaha tunazowapa akina mama hazitoshi. Tunawaambia wapange muda wao vizuri, waamke mapema, wasubiri, wamche Allah (s.w.) katika watoto wao. Haya ni maneno mema. Lakini yanamtaka mtu mmoja azibe pengo ambalo zamani lilikuwa likizibwa na ukoo mzima.

Anayedhani kuwa mwanamke mwema ni yule anayebeba kila kitu peke yake, na arejee hadithi ya Asmaa binti Abi Bakr (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alipoolewa na Zubair (r.a.), mumewe hakuwa na mali ya kutajwa isipokuwa farasi na ngamia wa kuchotea maji. Asmaa ndiye aliyekuwa akimlisha farasi, akichota maji, akishona ndoo ya ngozi, akikanda unga, na akibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika ardhi ya Zubair iliyokuwa mbali kiasi cha theluthi mbili za farsakh, mwendo unaozidi kilomita tatu. Hadithi hii husomwa sana katika darsa za ndoa ili wake wapate kuona subira ya waliotangulia. Yamo ndani yake mambo mawili ambayo hupitwa haraka. La kwanza ni kuwa Asmaa mwenyewe anasema hakuwa hodari wa kuoka mkate, na waliokuwa wakimwokea ni majirani zake, wanawake wa Kiansari, akawasifu kuwa walikuwa wanawake wakweli. La pili ni kuwa baadaye baba yake, Abubakar (r.a.), alimpelekea mtumishi wa kumwangalia yule farasi, na Asmaa akasema ikawa kana kwamba baba yake amemwacha huru. Tazama basi. Abubakar, ambaye hakuna katika umma huu aliyemshinda kwa kujua thamani ya subira, alipoona binti yake amelemewa alimtafutia mtu.

Tunajua kuwa tutajibiwa kwa hadithi ya Bi Fatma (r.a.), ambaye mikono yake iliumizwa na jiwe la kusagia, akaenda kuomba mtumishi, na badala yake akafundishwa tasbihi 33, tahmidi 33 na takbiri 34 wakati wa kulala. Hadithi hiyo nayo ni sahihi. Lakini aliyeombwa pale alikuwa kiongozi wa umma, na katika baadhi ya mapokezi alitaja kuwa hawezi kuwapa wao na kuwaacha watu wa Suffa wakiwa na njaa. Zaidi ya hayo, dhikri ile walifundishwa wote wawili, mume na mke, na Ali (r.a.) ndiye aliyesema kuwa hakuiacha tangu siku hiyo. Mume anayemkumbusha mkewe hadithi hii, na yeye mwenyewe analala bila ya tasbihi wala kuosha sahani, ameichukua nusu yake.

Tuje kwenye maziwa ya mama, kwa kuwa hapa ndipo mgongano wa kazi na malezi unapoonekana kwa hesabu. Allah (s.w.) ameeleza katika Suratul Baqara, aya ya 233, kuwa kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha muda wake ni miaka miwili kamili. Katika aya hiyo hiyo ameweka juu ya baba chakula na mavazi ya mama kwa namna inayokubalika, na amekataza mama asitiwe katika dhara kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kwa sababu ya mtoto wake. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila hata ya maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka 2 au zaidi.

Sasa tazama sheria ya nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 33, inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, umeweka wiki 14 kuwa kiwango cha chini. Na miezi 6 ni wiki 26. Maana yake ni kwamba mama, hata akianza likizo siku ile ile aliyojifungua, atarudi kazini huku mtoto wake akiwa na wiki 14 mbele yake ambazo hatakiwi kuonja kitu kingine. Wengi hawaanzi siku hiyo. Sheria inaruhusu likizo kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua, na mwenye mimba nzito hulazimika kuanza mapema, na kila siku anayoipumzisha miguu yake inatolewa katika siku za mtoto.

Kifungu hicho hicho kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Tumekutana na akina mama wasomi, wenye vyeti vya ukutani, ambao hawajapata kuisikia haki hii. Na anayeijua ataitumiaje? Mama anayekaa Chanika na kufanya kazi Kariakoo muda wake wote huo utamalizikia ndani ya daladala, na titi limejaa, na mtoto hajamwona. Wauguzi wa kliniki huwafundisha akina mama namna ya kukamua maziwa na kuyahifadhi, na huo ni msaada mkubwa kwa anayeufuata. Lakini tuseme kweli, mama huyo anakamulia wapi? Katika ofisi ngapi kuna chumba chenye mlango unaofungika, kisichokuwa choo?

Baba naye, kwa kifungu cha 34, ana angalau siku 3, na azitumie ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Siku 3 hazimfikishi hata kwenye akika. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, wamempa baba wiki 2. Na yote haya ni ya mwenye mwajiri. Mama lishe, muuza mboga, mshona nguo wa nyumbani, mwenye genge la nyanya: hawa ndio wengi katika misikiti yetu, na likizo yao ya uzazi ni kadiri ya akiba iliyomo kwenye kibubu. Ikiisha, hata arubaini haijafika, anarudi kwenye moto na moshi na mtoto mgongoni.

Sasa tuwageukie waume. Qur'an (4:34) imeufungamanisha usimamizi wa mume na mambo mawili, na moja kati yake ni kutoa kwake katika mali yake. Na katika (4:32) imethibitishwa kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mshahara wa mke ni wa mke. Hakuna katika madhehebu manne inayompa mume haki ya kuuchukua kwa sababu tu yeye ni mume. Mke akitoa kwa hiari yake, hiyo ni sadaka yenye ujira mara mbili, ujira wa udugu na ujira wa sadaka, kama alivyojibiwa Zainab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (r.a.), alipouliza kuhusu kumpa mumewe na mayatima waliokuwa chini yake.

Lakini hali za nyumba nyingi tunazijua. Kodi ya miezi sita imelipwa na mke. Ada ya watoto ni ya mke, au ni nusu kwa nusu. Mkopo wa kiwanja unakatwa katika mshahara wa mke. Mume anaingia baada ya Isha, anakaa, anauliza chakula. Akiombwa amshike mtoto ili mkewe amalize kufua nepi, anaisoma ile aya ya usimamizi. Usimamizi huu unaokumbukwa wakati wa nepi na kusahauliwa wakati wa kodi, umetoka katika kitabu gani?

Wanachuoni wametofautiana juu ya kazi za nyumbani. Wengi katika Mashafi na Mahanbali wameona kuwa kupika, kufua na kufagia si wajibu wa kisharia juu ya mke, kwa kuwa ndoa haikufungwa kwa ajili ya utumishi. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wakaona kuwa ni wajibu kwa mujibu wa ada. Sisi tunaielemea kauli hii ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na maisha ya masahaba na ya watu wetu. Ila anayeishika na aishike yote. Ibn Taymiyya mwenyewe amesema kuwa huduma hiyo inatofautiana kwa kutofautiana hali: ya mwanamke wa jangwani si kama ya mwanamke wa mjini, na ya mwenye nguvu si kama ya dhaifu. Basi mke anayetoka alfajiri na kurudi Magharibi, kwa ridhaa ya mumewe na kwa faida ya nyumba ya mumewe, hawezi kupimwa kwa ada ya mke anayeshinda nyumbani. Ukikubali mshahara uingie, umekubali pia kuwa saa zilizouleta zimetoka mahali.

Na Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa na al-Aswad kuhusu aliyokuwa akiyafanya Mtume (s.a.w.) nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na ulipofika wakati wa swala alitoka kwenda kuswali. Tunahimizana sana, na ni vizuri tuhimizane, juu ya sunna ya mswaki na ya kupandisha suruali juu ya vifundo vya miguu. Hii nayo imo katika Bukhari.

Vijana wanaoposa wana neno lao peke yao. Yupo anayemposa muuguzi kwa sababu ni muuguzi, na baada ya fungate humtaka aache kazi. Yupo wa pili, na huyu anaongezeka, anayemposa kwa mshahara wake, na siku mke anapotaka kupumzika ili amlee mtoto, humwambia kuwa hakuoa golikipa. Wote wawili wangeepushwa kwa mazungumzo ya nusu saa mbele ya walii. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa masharti yanayostahiki zaidi kutekelezwa ni yale ambayo kwayo ndoa imehalalishwa. Mwenye kutaka kuendelea na kazi na aliweke katika sharti, mwenye kutaka kuacha wakati wa kunyonyesha na aliweke, na mume aseme mbele ya mashahidi atafanya nini siku zitakapokuwa nzito.

Pengo lililoachwa na bibi, katika nyumba nyingi za mjini, limezibwa na binti wa kazi. Analetwa kutoka kijijini, aghlabu kwa ahadi kuwa atasomeshwa. Sheria ya Mtoto, namba 21 ya mwaka 2009, imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kubaki peke yake na mtoto mchanga tangu alfajiri hadi Magharibi, akipika, akifua, akichota maji, si kazi nyepesi kwa yeyote. Tumewaona katika madrasa zetu: binti anayewaleta watoto wa nyumba, anawavua viatu mlangoni, kisha anakaa nje kwenye kivuli akiwasubiri. Watoto wanasoma Yasin, yeye hajui Fatiha. Anaondoka nao. Mwenye nyumba ni mswalihina wa safu ya kwanza. Ikiwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, kama ilivyothibiti katika hadithi, binti huyu naye yumo katika watakaoulizwa. Katika kila mtaa wapo wanawake watu wazima, wajane na walioachika, wenye uzoefu wa malezi na wenye shida ya riziki. Hao ni ghali kidogo kuliko mtoto wa miaka 12. Na iwe hivyo.

Hatutaki tufahamike kuwa tunashabikia kila kazi. Ipo kazi ambayo mshahara wake unaishia kwenye nauli, saluni na malipo ya mlezi, na mama akipiga hesabu kwa kalamu anaona kuwa amemkosa mtoto kwa mwaka mzima bila ya faida. Ipo kazi yenye udhalilishaji ambayo hakuna dharura inayoihalalisha. Mama ambaye mumewe anamtosheleza, akachagua kukaa na wanawe katika miaka ile miwili, amechagua kitu kikubwa, na wanaombeza kuwa hana kazi hawajawahi kukesha na mtoto mwenye homa. Lakini umma haujengwi na mama huyo peke yake. Tunapompeleka mke kujifungua, tunauliza kwanza kama zamu ile ina mkunga mwanamke, na tunakasirika tukiambiwa hayupo. Huyo mkunga tunayemtaka, saa nane za usiku, ni mama wa mtu. Mwalimu tunayemtaka awafundishe binti zetu ni mama wa mtu. Na mjane hana wa kumwomba ruhusa wala wa kumpa matumizi. Khalati yake Jabir (r.a.) alipoachika alitaka kutoka kwenda kuvuna mitende yake ndani ya eda, mtu mmoja akamkemea, Mtume (s.a.w.) akamruhusu aende akavune, kwa kuwa huenda akatoa sadaka au akafanya jambo la kheri.

Tumalizie na taasisi zetu wenyewe, kwa sababu ni rahisi kumnyooshea kidole mwajiri wa kiwandani. Zipo madrasa ambazo ustadhati akijifungua, posho yake inasimama siku hiyo, na akirudi anakuta darasa lake limepewa mtu mwingine. Hana barua ya ajira, hana likizo, ana shukrani na dua. Ikiwa kiwango cha dola ni siku 84 na sisi tunasema ni kidogo, madrasa isiyotoa hata siku 7 itaingia vipi katika mazungumzo haya? Na kamati ya wazazi inayoitisha kikao saa nne asubuhi ya Jumanne, kisha ikawalaumu mama wanaofanya kazi kuwa hawajali elimu ya dini, na ijaribu kukiitisha baada ya Alasiri ya Jumamosi kabla haijawalaumu tena.

Lipo pia jambo linaloweza kuanza bila ya kungoja sheria ya Bunge. Majengo ya madrasa zetu nyingi yako wazi asubuhi. Watoto wako shule. Hawaingii hadi saa kumi alasiri. Yaani vyumba hivyo havina mtu katika saa zile zile ambazo mama wa mtoto mchanga yuko kazini. Na madrasa nyingi, kwa rehema za Allah (s.w.), zimejengwa na waliotutangulia katikati ya miji, jirani na masoko na ofisi: Kariakoo, Ilala, Magomeni. Chumba kimoja, kikiwa na mikeka, maji, kitanda cha mtoto na wanawake wawili watu wazima wanaolipwa ujira unaoeleweka, kinatosha kuwa kituo cha kulelea watoto mchana. Mama anayefanya kazi mtaa wa pili atazifaidi zile saa mbili za kunyonyesha zilizomo katika kifungu cha 33, kwa kuwa sasa mtoto yuko umbali wa kutembea kwa miguu. Mjane wa mtaani atapata riziki kwa kazi anayoiweza. Na kila mama atachangia kwa mwezi chini ya anachomlipa binti wa nyumbani.

Yataulizwa maswali, na yana haki ya kuulizwa. La kwanza ni la waqfu: ikiwa aliyetoa jengo alishurutisha lisomeshewe Qur'an tu, sharti lake linaheshimiwa, na kamati itafute chumba kingine, ikiwa hakushurutisha, au alitaja maslahi ya Waislamu kwa ujumla, basi hati isomwe na mwenye elimu kabla ya kukataa. La pili ni la usajili, kwani vituo vya namna hii husajiliwa na ustawi wa jamii na vina masharti ya nafasi, usafi na idadi ya walezi. Kamati inayotaka kuanza itakwenda kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake na kuchukua masharti hayo kwa maandishi. La tatu, ambalo tumeshalisikia likisemwa kwa ukali kuliko mawili ya mwanzo, ni kuwa watoto watachafua. Umm Qais binti Mihsan (r.a.) alimleta kwa Mtume (s.a.w.) mwanawe wa kiume ambaye alikuwa bado hajaanza kula chakula, Mtume akamkalisha mapajani pake, na mtoto akakojoa juu ya nguo yake. Akaagiza maji, akanyunyizia.